James Cook: Baharia Aliyepanda Hadi Unahodha

Mwana huyu wa kibarua wa shamba alizaliwa mwaka 1728 huko Marton, Uingereza. Ubaharia alijifunza katika merikebu za makaa za Whitby. Mwaka 1755 alipewa unahodha wa merikebu moja, akaukataa, akajiunga na manowari za mfalme akiwa baharia wa kawaida. Zama hizo uofisa ulikwenda zaidi kwa wana wa wakubwa. Cook, asiye na jamaa mkubwa, alijisomea hesabu na elimu ya nyota, akawa hodari wa ramani. Upimaji wake wa mto St Lawrence uliwasaidia Waingereza kuiteka Quebec mwaka 1759. Hata hivyo uluteni aliungoja hadi 1768, akiwa na miaka 39. Mwaka 1779 huko Hawaii mashua yake iliibwa. Akaenda kumkamata mfalme wa watu, akauawa ufukweni. Elimu ilimpandisha, ubabe ukamwangusha.