Margaret Wade na Jezi Zilizochomwa Moto

Walimu wenzangu, nanyi wanafunzi, leo nawaletea maisha ya Lily Margaret Wade, mwanamke wa jimbo la Mississippi, kusini mwa Marekani. Alizaliwa tarehe 30 Desemba 1912 huko McCool, akalelewa katika mji wa Cleveland, kwenye nchi tambarare ya mashamba ya pamba. Nimemchagua kwa sababu maisha yake yote yalikuwa jibu kwa swali ambalo ningali nalisikia katika vyumba vya walimu: je, mchezo wa nguvu unamfaa msichana?

Mwaka 1929 Wade alijiunga na chuo cha ualimu cha Delta State, mumo humo Cleveland. Alikuwa mchezaji hodari wa mpira wa vikapu, na wenziwe wakamfuata kama nahodha. Mwaka wake wa mwisho chuoni ulipokaribia, wakuu waliifutilia mbali timu ya wanawake. Sababu waliyoitoa ni kwamba mchezo huo ulikuwa mzito mno kwa mabinti wa heshima. Ajabu ni kwamba mabinti hao tayari walikuwa wameucheza misimu kadhaa, tena kwa ushindi! Walilia, kisha wakazikusanya jezi zao na kuzitia moto. Silaha nyingine hawakuwa nayo.

Alipohitimu mwaka 1933, Wade aliichezea timu ya Tupelo Red Wings kwa muda wa miaka miwili hivi, hadi goti lilipomsaliti. Akashika chaki na filimbi. Kuanzia mwaka 1935 hadi 1954 alifunza timu ya wasichana ya shule ya sekondari ya Cleveland, akashinda michezo 453, akashindwa 89 na kutoka sare 6. Hizi si takwimu za kusomwa kwa haraka. Ni miaka 19 ya jioni za mazoezi, mbali na magazeti ya taifa, na naamini ndiyo iliyomfanya kuwa yule aliyekuja kusifiwa baadaye. Mwaka 1959 alirejea Delta State kufundisha elimu ya viungo. Chuo kilikuwa bado hakina timu ya vikapu ya wanawake.

Mwaka 1972 bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyokataza ubaguzi wa kijinsia katika taasisi za elimu zinazopokea fedha za serikali kuu. Mwaka uliofuata Delta State iliifufua timu, zaidi ya miongo minne baada ya kuizika, na mkuu wa chuo akamwomba Wade aiongoze. Alikuwa na umri wa miaka 60. Wengi katika umri huo huhesabu siku za kustaafu. Yeye alianza upya.

Msimu wa kwanza timu ilishinda michezo 16 na kushindwa 2. Msimu wa pili, 1974-75, ilishinda yote 28. Katika fainali ya taifa ya mwaka 1975 iliishinda Immaculata, chuo kidogo cha Kikatoliki cha Pennsylvania kilichokuwa kimelitwaa taji mara tatu mfululizo, kwa alama 90 kwa 81. Mwaka 1976 ikaishinda Immaculata tena, na mwaka 1977 ikaiangusha timu ya chuo kikuu cha Louisiana State.

Nguzo ya timu ile ilikuwa Lusia Harris, msichana mrefu Mweusi kutoka Minter City, mtoto wa wakulima. Msomaji akumbuke kwamba hii ilikuwa Mississippi, jimbo ambako Weusi na Weupe walikuwa wametenganishwa kisheria hadi miaka michache kabla. Wade alimjengea mchezo mzima, na sioni dalili bora zaidi ya jicho la mwalimu. Harris ndiye aliyefunga kikapu cha kwanza kabisa katika historia ya vikapu vya wanawake kwenye Olimpiki, huko Montreal mwaka 1976.

Wade alistaafu mwaka 1979. Katika misimu sita ya chuo alikuwa ameshinda michezo 157 na kushindwa 23 tu. Tangu mwaka 1978 tuzo yenye jina lake ilitengwa kwa mchezaji bora wa kike wa vyuo vya Marekani, na mwaka 1985 aliingizwa katika jumba la heshima la mchezo huo pamoja na Senda Berenson, mwalimu aliyewafundisha wanawake mpira wa vikapu mapema miaka ya 1890.

Alifariki dunia tarehe 16 Februari 1995, katika mji uleule wa Cleveland ambako aliwahi kuambiwa kwamba mchezo wake ulikuwa mzito mno kwake.