Abdulwahid Sykes: Alishindwa, Akabaki Kazini

Hapa kwetu Mabwerebwere, kama kwingineko Kilosa, jina la TANU humleta akilini Mwalimu Nyerere. Leo tumkumbuke mtu aliyemtangulia katika uongozi, Abdulwahid Sykes.

Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1924. Baba yake, Kleist Sykes, alikuwa miongoni mwa waasisi wa African Association, chama kilichokuja kuwa TAA. Wakati wa Vita Kuu ya Pili Abdulwahid aliingia jeshi la King's African Rifles, akapelekwa Burma kupigana na Wajapani. Aliporudi, nchi yake ilikuwa bado chini ya Mwingereza aliyempigania.

Mwaka 1950 alichaguliwa katibu wa TAA, rais akiwa Dk. Vedasto Kyaruzi. Serikali ilipomhamisha Kyaruzi, yeye akashika usukani. Katika uchaguzi wa mwaka 1953 akashindwa na mwalimu kijana wa shule ya Mtakatifu Fransisko, Pugu: Julius Nyerere.

Angeweza kususa. Yeye akakubali kuwa makamu, akamfungulia mshindi mlango wa nyumba yake. Julai 7, 1954 wakaianzisha TANU pamoja na wenzao. Kadi yake ilikuwa namba 3.

Baada ya uhuru hakupewa uwaziri. Alifariki Oktoba 1968, akiwa na miaka 43.

Mwislamu huyu alikubali kuongozwa na Mkatoliki kwa ajili ya nchi. Nasi tukikosa uenyekiti wa jumuiya, tunabaki kutumika au tunaacha kuja?