Askofu Steere na Mji wa Watu Huru

Mtu wa Masasi, Newala au Chiungutwa apitapo mbele ya kanisa la zamani la nchi ile, huenda asikumbuke ya kuwa mwanzo wake ni watu walionyang'anywa kwao wakauzwa. Twataka kueleza habari za Askofu Edward Steere. Ingawa hakuwa wa Kanisa letu la Kilutheri, maisha yake yatufaa, maana alikutana na swali limkabililo kila atoaye msaada na kila aupokeaye: je, msaada humsimamisha mtu, au humweka chini ya mkono wa mwenzake siku zote?

Steere alizaliwa London mwaka 1828. Alisoma sheria akawa mwanasheria, kisha akaiacha kazi ile akawa kasisi. Mwaka 1863 alisafiri na Askofu Tozer wa Misheni ya Vyuo Vikuu, na mwaka 1864 wakafika Unguja. Wanafunzi wao wa kwanza walikuwa wavulana watano waliotolewa katika jahazi la watumwa, nao walipewa na Sultani Majid.

Steere aliona mapema ya kuwa chakula na nguo havitoshi. Akajifunza Kiswahili kwa bidii, akatoa kitabu cha sarufi mwaka 1870, akaanza kutafsiri Maandiko. Vijana walifundishwa kusoma na kupiga chapa. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na mahali pale likajengwa kanisa kuu, ambalo Steere, aliyekuwa askofu tangu mwaka 1874, alilifungua siku ya Krismasi mwaka 1879.

Lakini manowari za Kiingereza zilizidi kuleta watu waliookolewa baharini. Wengi walitoka bara, upande wa Nyasa. Je, wakae Unguja wakilishwa na misheni mpaka kufa? Steere alitaka warudi karibu na kwao, walime mashamba yao wenyewe. Basi mwaka 1876 alitoka Lindi na watu huru zaidi ya 50, akawaongoza kwa miguu kwenda bara. Nia yao ilikuwa kufika karibu na Nyasa. Walipofika Masasi waliona nchi nzuri yenye rutuba, wakakaa. Askofu akarudi Unguja, akamwacha Johnson awaangalie. Mwaka uliofuata Chauncy Maples akaja.

Watu wakajenga nyumba, wakalima, wakawa na mji. Hata hivyo jambo moja halikutazamiwa. Mji ule haukuwa na mkuu wa kwao. Kila shauri lilipelekwa kwa wamisionari, nao wakajikuta waamuzi. Watu walitoka chini ya bwana, wakaingia chini ya mfadhili. Mfadhili ni mwema kuliko bwana, lakini mtu mzima hutaka pia kushika mambo yake mwenyewe.

Steere alifariki Unguja mwezi wa Agosti mwaka 1882. Mwezi uliofuata Wamagwangwara, ndio Wangoni, waliushambulia Masasi. Wengine waliuawa, wengine walichukuliwa mateka, na nyumba zikateketezwa. Wamisionari walijaribu kuwakomboa watu wao kwa kutoa nguo. Hapo palikuwa na shida kubwa: kumwacha mateka ni vibaya, na kulipa fidia huenda kukamfundisha mtekaji kurudi. Walichagua kuwakomboa, wala hatuwezi kuwalaumu. Kazi ikahamia Newala, katika nchi ya Matola, mkuu wa Wayao. Huko wamisionari walikuwa wageni wa mwenyeji. Baadaye Masasi nao ulijengwa tena.

Je, kazi ya Steere ilipotea bure? Mtazame Cecil Majaliwa. Alikuwa mtoto Myao aliyetolewa utumwani, akasomeshwa Kiungani. Mwaka 1886 akaenda kufanya kazi Chitangali, na mwaka 1890 akawekwa kuwa kasisi, Mwafrika wa kwanza wa misheni ile. Nyumba zilizojengwa kwa fedha za Ulaya ziliungua kwa siku moja. Elimu aliyopewa mtoto yule haikuungua, naye akaigawa kwa watu wa kabila lake kwa lugha yao.

Basi, tuutoapo msaada usharikani, au tuupokeapo kutoka ng'ambo, tusiulize tu umekuwa mwingi kiasi gani. Tuulize: mtoaji akiondoka kesho, ni kitu gani kitabaki mikononi mwa aliyesaidiwa?