Verhulst, Mbelgiji aliyetafuta kikomo cha wingi wa watu

Pierre-François Verhulst alizaliwa Brussels tarehe 28 Oktoba 1804, wakati mji huo ulikuwa bado mikononi mwa Ufaransa ya Napoléon. Alipata udaktari wa hesabu huko Gent mwaka 1825. Afya yake ilikuwa dhaifu tangu ujana, na mwaka 1830 alikuwa Roma kutafuta nafuu. Huko, kadiri mwalimu na rafiki yake Adolphe Quetelet alivyosimulia, alijaribu kushawishi Papa awape wakaaji wa maeneo yake katiba. Jibu lilikuwa kufukuzwa mjini.

Alirudi Ubelgiji, nchi iliyokuwa imepata uhuru mwaka huohuo. Kuanzia 1835 alifundisha hesabu katika Chuo Kikuu Huru cha Brussels, kisha katika shule ya kijeshi. Quetelet alikuwa akikusanya takwimu za vizazi na vifo, na ndiye aliyemwingiza katika swali lililosumbua wasomi tangu Mwingereza Malthus alipoandika, mwaka 1798, kwamba watu huongezeka haraka kuliko chakula. Kama ni hivyo, ni nini kinachowazuia, na kwa mwendo gani?

Verhulst alitoa jibu mwaka 1838. Viumbe wakiwa wachache na chakula kingi, huongezeka kwa kuzidishana: elfu moja wakizidishwa mara mbili, kisha mara mbili tena, hatua kumi zinatosha kupita milioni moja. Sambaza wa ziwa Kivu ni mfano wa karibu. Walipoletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, karibu hakukuwa na samaki mwingine aliyekula vijidudu vya maji ya katikati ya ziwa, basi wakaenea ziwa lote. Lakini mwendo huo haudumu. Kila kiumbe anayeongezeka hupunguza nafasi na chakula cha wengine. Vizazi hupungua ao vifo huzidi. Verhulst aliweka kizuizi hicho ndani ya hesabu yenyewe: kadiri idadi inavyokaribia kikomo cha mahali, ndivyo ongezeko linavyopungua, mpaka lisimame. Ukiichora, inatoa mstari unaofanana na herufi S iliyovutwa. Mwaka 1845 aliuita mstari huo lojistiki.

Alijaribu hesabu yake kwa takwimu za Ufaransa, Ubelgiji, Urusi na wilaya ya Essex huko Uingereza. Takwimu zilikuwa za miaka michache mno, naye alilijua hilo. Hata hivyo, mwaka 1845 alikadiria kwamba Ubelgiji, iliyokuwa na wakaaji zaidi kidogo ya milioni 4, haitapita milioni 6.6. Miaka miwili baadaye alibadilisha hesabu na kupata milioni 9.4. Leo Wabelgiji wamepita milioni 11.

Kosa halikuwa katika umbo la mstari. Verhulst alikiona kikomo kuwa kinategemea ukubwa na rutuba ya ardhi ya nchi, kana kwamba kila taifa hula kinachoota shambani mwake. Hakuona viwanda, dawa na wahamiaji waliokuwa njiani. Wala hakuweza kujua kwamba nchi yake ndogo ingekuja kujitajirisha kwa mpira na shaba ya Congo.

Aliteuliwa kuwa rais wa Akademia ya Kifalme mwaka 1848, na tarehe 15 Februari 1849 akafariki Brussels, akiwa na miaka 44. Kazi yake ikasahaulika. Mwaka 1920 Wamarekani wawili wa Baltimore, Raymond Pearl na Lowell Reed, waliufikia mstari uleule bila kujua kwamba mtu aliwatangulia. Nao pia walijikwaa: walikadiria kikomo cha Marekani kuwa kama milioni 197, na leo nchi hiyo ina zaidi ya milioni 330.

Kwa samaki, hesabu ya Verhulst imesaidia zaidi kuliko kwa watu. Inaonyesha kwamba ongezeko huwa kubwa zaidi idadi inapofikia nusu ya kikomo. Tangu miaka ya 1950 wataalamu wa uvuvi wameitumia kukadiria kiasi ambacho nyavu zinaweza kutoa mwaka hadi mwaka bila kumaliza samaki. Chini ya nusu hiyo, kila samaki wa ziada anayevuliwa hupunguza pia wale ambao wangezaliwa msimu unaofuata.