Kakungulu Yupi?



Wiki ya kwanza nilipofika hapa Mbale kuanza masomo, wageni tulisimamishwa baada ya swala ya Isha tujitambulishe. Nikataja jina, kitivo, na nyumbani kwetu Sikuda, wilaya ya Busia. Kisha, kwa kutaka kuonekana nami nimesoma, nikaongeza kwamba nafurahi kusoma katika mji uliojengwa na Kakungulu, mwanamfalme na mtetezi wa Waislamu wa Uganda. Safu za nyuma zikacheka. Ndugu mmoja wa mwaka wa tatu, Mganda wa Butambala, alinivuta kando wakati wa kuvaa viatu akaniambia taratibu kwamba nimewaunganisha watu wawili wakawa mmoja.

Alikuwa na haki. Mwanamfalme Badru Kakungulu, mwana wa Nuhu Mbogo, alizaliwa 1907 akafariki 1991. Huyo ndiye wetu, wa Kibuli na wa shule za Waislamu. Aliyeujenga Mbale ni Semei Kakungulu, aliyefariki 1928, na huyo hakuwa Mwislamu hata siku moja. Alianza kujulikana kwa kupigana na Waislamu.

Aibu ile ilinipeleka maktaba. Lakini kilichonisumbua zaidi ni kwamba jina la Semei nililijua tangu utotoni, nikalisahau. Kwetu Sikuda, kukhu wangu alipomwona mtoto amekaa kivulini huku akiwatuma wenzake maji na kuni, alimkemea kwamba anajifanya wakala wa Kakungulu. Sikuwahi kufikiri kwamba Kakungulu huyo alikuwa mtu. Nilidhani ni neno tu la kumaanisha mvivu mwenye amri.

Basi nimsimulie kama nilivyomkuta.

Semei alizaliwa yapata mwaka 1868 huko Kooki, kusini magharibi mwa Buganda, akalelewa akawa Mganda kwa lugha na kwa tamaa. Alikuwa mwindaji wa tembo, hodari wa bunduki, akajifunza kusoma kwa wamisionari wa Kiprotestanti, wakambatiza jina la Semei. Mwaka 1888 Kabaka Mwanga aliondolewa, na baada ya wiki chache Waislamu wakashika nchi, wakamweka Kalema kwenye kiti. Wakristo walikimbilia upande wa Ankole. Katika vita vya kurudi nyumbani Kakungulu, kijana wa miaka 20 hivi, alitoka katika kundi la wapiganaji akawa jemadari. Mwaka 1890 Kalema alikuwa ameshindwa, akafa kwa ndui akiwa mkimbizi Bunyoro. Kufikia 1893 Waislamu wa Buganda walibakiwa na saza moja tu, Butambala. Sasa nilielewa kwa nini ndugu yule aliyenisahihisha hakucheka pamoja na wengine.

Baada ya ushindi, Kakungulu na Apolo Kagwa hawakuweza kukaa ndani ya ua mmoja. Wote wawili walikuwa Waprotestanti, wote wawili walitaka ukubwa, na Kagwa alikuwa Katikiro tayari. Kakungulu akageukia mashariki. Aliingia Bugerere, kisha mnamo Aprili 1899 akawa pamoja na majeshi ya Waingereza yaliyowakamata Mwanga na Kabalega wa Bunyoro huko Lango. Mwanga alikuwa mfalme wake. Wafalme wote wawili walipelekwa Shelisheli. Mwanga alifia huko 1903, na Kabalega alifariki Jinja 1923 akiwa njiani kurudi kwao. Nimejaribu kuwaza usiku ule baada ya kumkamata mtu uliyewahi kupiga magoti mbele yake, nimeshindwa.

Hapo ndipo alipoingia kwetu. Na kwanza nizungumzie jina tuliloitwa. Bukedi si neno la kwetu. Waganda waliita hivyo nchi zote za ng'ambo kule mashariki, kwa maana ya nchi ya watu walio uchi. Msamia, Mgwere, Mpadhola, Mteso, wote tulitiwa katika kapu moja la dharau, na kapu hilo likawa jina la wilaya. Mpaka leo serikali ikihesabu watu, Tororo na Busia tumo Bukedi, na hatustuki. Mimi mwenyewe nimewahi kuvaa fulana yenye neno hilo kifuani kwenye mashindano ya mpira.

Kakungulu aliiteka nchi hiyo kati ya 1899 na 1902 kwa mtindo mmoja: ngome, wakala wa Kiganda ndani ya ngome, shamba la ndizi la kumlisha wakala, na barabara ya kuunganisha ngome na ngome. Mwaka 1901 makao yake yalikuwa Budaka. Mikuki haikufua dafu mbele ya bunduki. Ardhi ikagawanywa kuwa saza, gombolola na muluka, kama ilivyokuwa Buganda. Kodi ilikusanywa kwa mifugo na mazao, na barabara zilichimbwa na watu waliotolewa mashambani kwa nguvu. Ni barabara nzuri, lazima niseme, zilizonyooka na kupandwa miti pembeni, na maafisa wa Kiingereza walizisifu sana. Hawakuzichimba wao.

Alitumaini malipo. Kutokana na mazungumzo yake na Sir Harry Johnston, kamishna wa Kiingereza, aliamini kwamba ameahidiwa kuwa Kabaka wa Bukedi, akaanza kujichukulia hivyo. Lakini mwaka 1902 Waingereza walimtuma William Grant, malalamiko juu ya mawakala yakasikilizwa, na Kakungulu akavuliwa ile nchi. Walimwachia maili za mraba 20 chini ya Mlima Masaba. Alihamia huko na wafuasi wake, wakafyeka, wakapanda migomba, biashara ikaja, na mahali hapo pakawa Mbale. Serikali iliyomfukuza Budaka ikamfuata huko huko ikaweka ofisi zake. Kati ya 1906 na 1913 ilimtoa tena, ikampeleka Jinja kuwa rais wa baraza la Busoga, kiongozi wa watu wasiokuwa wake, kisha ikamrudisha.

Miongoni mwa Waganda waliomfuata mashariki walikuwamo Waislamu pia, watu ambao vita vile vya 1888 hadi 1893 viliwaacha bila cheo wala ardhi. Walimfuata adui wa jana kwa sababu alikuwa na kazi ya kuwapa. Baadhi ya misikiti ya Bugwere na Mbale ina mizizi yake katika watu hao. Kwa hiyo dini yetu katika pande hizi iliingia kwa mlango wa biashara na daawa, na pia ikaja nyuma ya bunduki ya Mprotestanti. Hilo hatulisemi sana kwenye mawaidha.

Miaka yake ya mwisho ndiyo inayonivuta zaidi. Alirudi Mbale 1913 akiwa amechoka na Waingereza, akajiunga na Wamalaki, kundi la Malaki Musajjakawa lililokataa dawa za hospitali na kushika Jumamosi. Alikataa chanjo, kwa watu na kwa ng'ombe. Aliendelea kusoma Agano la Kale peke yake, na mwaka 1919 akajitahiri, akawatahiri wanawe. Wamalaki walimwambia kwamba huo ni mwendo wa Mayahudi. Akajibu kwamba basi yeye ni Myahudi, akawaacha. Mwaka 1922 alitoa kitabu cha Kiganda cha kuwaongoza wafuasi wake, Abayudaya. Walivua viatu kabla ya kuswali na kuchinja nyama yao wenyewe. Mtu aliyepigana na watu waliotahiri na kukataa nyama ya wengine alimaliza maisha yake akitahiri na kukataa nyama ya wengine. Alifariki tarehe 24 Novemba 1928.

Wafuasi wake wako hai, na sinagogi lao liko kwenye kilima cha Nabugoye, karibu na hapa. Idi Amin alipoipiga marufuku dini yao katika miaka ya 1970, wengi waliingia Ukristo, na wengine Uislamu. Inawezekana safu unayosimama Ijumaa ina mjukuu wa Abayudaya, na hajui, au anajua na ananyamaza.

Sasa nirudi mpakani, maana kule ndiko nilikojifunza kwamba mtu mmoja hakumbukwi kwa namna moja.

Shangazi yangu ameolewa ng'ambo, upande wa Kenya, Msamia kwa Wasamia, mwendo wa boda boda tu kutoka kwetu. Nilipomwuliza juu ya Kakungulu hakumjua. Yeye alizungumza juu ya Wawanga na Nabongo Mumia. Mwaka 1902 Waingereza waliikata sehemu ya mashariki ya Uganda wakaitia katika himaya yao ya Afrika Mashariki, ambayo baadaye ikawa Kenya, na watu wa ukoo mmoja wakapata mabwana wawili. Upande wetu walikuja mawakala wa Kiganda. Upande wa shangazi Waingereza walimtumia Mumia, wakamfanya chifu mkuu mwaka 1909, na watu wake wakapelekwa kutawala makabila jirani. Mumia alifariki 1949. Mumias, mji wake, ni ngome ya Uislamu magharibi mwa Kenya, na Waislamu wa kule wanamtaja kwa heshima. Ukienda Bungoma kwa Wabukusu utasikia habari nyingine, ya Chetambe na vita vya 1895.

Kwa hiyo shangazi na kukhu wana kidonda kilekile, ila kila mmoja anakitaja kwa jina la mtu mwingine. Na majina hayo ndiyo yaliyowafanya mmoja Mkenya na mwingine Mganda kuliko kitambulisho chochote. Shangazi akitaka barua huenda kwa chifu wa lokesheni. Kukhu huenda gombolola. Neno hilo analitamka kila mwezi, neno la wakala, na hakuna anayemcheka.

Hasira haikuzikwa na Kakungulu. Januari 1960, miaka miwili kabla ya uhuru, Bukedi iliwaka moto kwa sababu ya kodi, na watu waliwavamia machifu na kuchoma nyumba zao. Kufikia wakati huo machifu walikuwa wenyeji, si Waganda, lakini kiti walichokalia ni kilekile. Na Mbale yenyewe, Bugisu na Bukedi ziliugombania hata katiba ya 1962 ikaufanya eneo la peke yake, lisilo la huku wala kule. Mji wa mtu asiyekuwa na nchi ukawa mji usiokuwa na wilaya.

Ndugu yangu wa Butambala nami tumebishana juu ya haya karibu muhula mzima, mara nyingi foleni ya chakula ikitusubiri. Yeye anasema Kakungulu ni mshindi aliyetumiwa na kutupwa, na kwamba watu wa mashariki tunapenda kuwalaumu Waganda kwa dhambi ya Waingereza. Mimi nasema mjeledi alikuwa nao wakala, si Johnston. Yeye husema babu zake walipoteza masaza yao yote kasoro moja kwa mkono wa mtu huyohuyo, na bado hamchukii. Hapo hunyamaza mimi. Sura ya al-Maida inatuamrisha tusiache uadilifu kwa sababu ya kuwachukia watu, na naona ni rahisi kuisoma kuliko kuishika pale ambapo aliyechapwa ni babu wa kukhu wako.

Likizo iliyopita nilienda nyumbani nikiwa na daftari. Nilimsimulia kukhu habari zote: Kooki, Lango, Budaka, kutahiriwa, Jumamosi. Alisikiliza huku akichambua maharage. Hakushangazwa na Uyahudi, wala na habari za wafalme. Alipofurahi ni niliposema kwamba Waingereza walimvua ile nchi. Alisimamisha mkono, akataka nirudie mwaka. Nikarudia, 1902. Akahesabu kwa vidole, akasema babu yake alichimba barabara baada ya hapo, kwa hiyo kuondolewa kwake hakukumsaidia mtu.

Kisha akaniuliza kama mivule ya njia ya Mbale bado ipo. Nikamwambia mingi imekatwa mbao, imebaki michache. Aliniuliza ni mingapi, nikashindwa kumjibu. Nimerudi chuoni, na kila basi linapopita hapo nahesabu upande wa kushoto, halafu nalala usingizi kabla sijamaliza.