Dkt Krapf: Kamusi iliyoanza kwa msiba Mvita

Vitabu vya historia shuleni humtaja Dkt Johann Ludwig Krapf kwa jambo moja aghalabu: kwamba ndiye Mzungu wa kwanza kuripoti kuuona Mlima Kenya, akiwa Ukambani, mnamo Desemba 3, 1849. Watu wengi huishia hapo. Kazi aliyoianza miaka mitano kabla ya siku hiyo, ndani ya kisiwa cha Mombasa, haizungumziwi sana, na bei aliyoilipia haizungumziwi kabisa.

Krapf alizaliwa Januari 11, 1810 katika kijiji cha Derendingen, karibu na mji wa Tübingen, Ujerumani. Alisomea uchungaji, akajiunga na Church Missionary Society, shirika la Kianglikana lenye makao London, na kutumwa Uhabeshi mwaka wa 1837. Huko alijifunza Kiamhara na kukusanya miswada ya kale hadi milango ya Shoa ilipofungwa kwa wamishonari. Mwaka wa 1842, akiwa Misri, alimwoa Rosina Dietrich, binti aliyesafiri kutoka Basel, Uswisi.

Ndoa hiyo haikujua starehe. Mwaka uliofuata, wakijaribu kurejea Uhabeshi kupitia pwani ya Bahari ya Shamu, Rosina alijifungua mtoto wa kike nyikani, katika nchi ya Washoho, mbali na nyumba na mkunga. Mtoto hakuishi. Walimpa jina Eneba, neno la Kiamhara lenye maana ya chozi.

Njia ya Uhabeshi ilipozibika kabisa, Krapf aliamua kushuka kusini kwa bahari. Walifika Unguja Januari 1844 na kupokewa vyema na Sayyid Said bin Sultan, aliyempa barua ya kumtambulisha kwa maliwali wake wa pwani. Krapf angeweza kubaki Unguja, kwenye mabalozi na marafiki wa Kizungu. Alichagua Mombasa kwa sababu bara ilikuwa karibu zaidi kutoka hapo. Mnamo Mei mwaka huo alimhamishia mkewe huko, akiwa mjamzito tena.

Mji walioingia haukuwa mahali pasipo elimu, jambo linalofaa kusisitizwa kwa kuwa wapo wanaodhani kwamba Krapf ndiye aliyewafundisha Waswahili kuandika lugha yao. Mombasa ya 1844 ilikuwa na misikiti, makadhi na mashairi. Muyaka bin Haji, malenga mkuu wa Mvita, alikuwa amefariki miaka michache tu iliyotangulia, na tungo zake zilikuwa bado vinywani mwa watu. Katika Pate, Utenzi wa Tambuka ulikwisha andikwa tangu 1728 kwa hati za Kiarabu. Jeraha la siasa pia lilikuwa bichi: Wamazrui, waliotawala kisiwa kwa karibu karne nzima, walikuwa wameangushwa na Sayyid Said mwaka wa 1837, na askari wa Kibaluchi ndio waliokuwa wakilinda Fort Jesus.

Mara tu alipopata makazi mjini, Krapf alijitosa katika lugha. Hakuwa na kamusi wala sarufi ya kuanzia, kwa kuwa hakuna aliyekuwa amechapisha hata moja. Alichokuwa nacho ni masikio, daftari, na Kiarabu alichokwisha kujifunza. Kisha akampata mtu aliyemfaa kuliko vyote hivyo: Sheikh Ali bin Mohiuddin, mwenyeji wa Barawa, aliyekuwa kadhi wa Mombasa.

Mnamo Juni 8, 1844, wawili hao walianza kuifasiri Mwanzo, kitabu cha kwanza cha Biblia. Krapf aliihesabu siku hiyo kuwa miongoni mwa siku kuu za maisha yake. Ushirikiano huo wapaswa kutazamwa vizuri. Mmoja alikuwa amekuja kuhubiri Ukristo bila kuficha nia yake. Mwingine alikuwa mlinzi wa sheria ya Kiislamu mjini. Lakini habari za kuumbwa kwa mbingu na nchi, za Adamu na Hawa, hazikuwa ngeni kwa yeyote kati yao, na pengine ndiyo sababu kitabu hicho kilifaa kuanziwa. Mombasa ina barabara kadha zenye majina ya watu waliofanya machache kuliko kadhi huyo, naye jina lake hulijua wataalamu wachache tu.

Kazi hiyo ilikuwa haijatimiza mwezi homa ilipoingia nyumbani. Masika yalikuwa yameacha maji katika visima, mabirika na vidimbwi vya kisiwa. Leo kila mtoto wa shule ajua kwamba maji hayo huzaa mbu na mbu huleta malaria. Lakini ithibati ya kisayansi kuhusu mbu ilipatikana mwaka wa 1897. Mwaka wa 1844 Wazungu waliilaumu hewa chafu, wakafunga madirisha na kumwomba Mungu.

Krapf ndiye aliyeanza kuugua, mwanzoni mwa Julai. Siku chache baadaye Rosina naye alishikwa, na katika hali hiyo ya homa akajifungua mtoto wa kike. Kwa muda wa wiki moja mume na mke walilala chini ya paa moja, kila mmoja akimsikia mwenzake bila nguvu za kumhudumia. Wenyeji wa Mombasa ndio waliokuwa wakiingia na kutoka, miongoni mwao wanawake wa Kiislamu waliokaa kitandani pa mgonjwa. Rosina alizungumza nao kuhusu imani yake hadi mwisho. Alipokata roho, mumewe alikuwa dhaifu kiasi kwamba ilimbidi ajikokote ili ahakikishe kwamba kweli amefariki.

Mwanamke huyo aliacha wasia kuhusu kaburi lake. Alitaka azikwe ng'ambo ya kisiwa, upande wa bara, kando ya njia waliyoipita Wamijikenda wakija mjini, ili wapitao waone na kuuliza. Wasia ukatimizwa. Siku chache baadaye kaburi lilifunguliwa tena na mtoto akalazwa karibu na mamake. Mahali hapo, upande wa Nyali mkabala na Bandari ya Kale, pangalipo hadi leo.

Msomaji wa sasa ana haki ya kumlaumu Krapf. Alimtoa mke mjamzito Unguja penye msaada, akampeleka kisiwani wakati wa mvua, mwaka mmoja tu baada ya kumzika Eneba. Hata hivyo, itakuwa ni kumdharau Rosina kumfanya mzigo uliobebwa. Alikuwa ameondoka kwao Basel kwa hiari, akijua safari za wamishonari wa zama hizo huishia wapi. Wasia wake ni wa mtu aliyekuwa na azma yake mwenyewe.

Krapf alipopata nguvu za kukaa, alirudi kwenye daftari. Wakuu wake wa London aliwaandikia kuwataarifu kuhusu kaburi hilo, nao ujumbe huo ukageuka kuwa wito wa kutaka watu zaidi waje. Kwa karibu miaka miwili aliishi Mombasa pekee yake, bila mke wala mwenzake wa kazi, akikusanya maneno katika mji huo uliomfisha jamaa yake yote. Johannes Rebmann, mmishonari mwenzake, aliwasili Juni 1846, na wakahamia Rabai.

Mwaka wa 1847 jambo la ajabu lilitokea mbali na pwani. Jarida la chama cha wasomi wa mambo ya Mashariki huko Marekani lilichapisha sura za kwanza za Mwanzo kwa Kiswahili, kama zilivyofasiriwa Mombasa. Hizo ndizo kurasa za kwanza za Biblia kupigwa chapa katika lugha hii, nazo zilisomwa na maprofesa wa Marekani kabla ya Mswahili yeyote kuzishika. Mwaka wa 1850 kikafuata kitabu chake cha misingi ya sarufi, kilichochapishwa Tübingen. Humo alitetea uamuzi wake wa kutumia hati za Kirumi badala ya zile za Kiarabu ambazo wasomi wa pwani walikuwa wamezizoea kwa karne nyingi. Athari ya uamuzi huo ingalipo katika kila gazeti la Kiswahili.

Afya mbovu ilimwondoa Afrika Mashariki mwaka wa 1853. Miswada ya tenzi aliyoikusanya, ukiwemo wa Tambuka, aliitoa ihifadhiwe Halle, Ujerumani. Alioa tena mwaka wa 1856 na kuishi Korntal, karibu na Stuttgart, ambako aliendelea kuipanga kamusi aliyoianza Mvita. Alifariki Novemba 26, 1881, naye alikutwa amepiga magoti kando ya kitanda.

Kamusi hiyo ilitoka London mwaka wa 1882, mwandishi wake akiwa kaburini. Kufikia wakati huo Askofu Edward Steere na wenzake walikuwa wamekwisha kuipa Kiunguja nguvu ya vitabu, na wajumbe waliokutana Mombasa kwenyewe mwaka wa 1928 walikichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Kimvita cha Sheikh Ali na majirani zake kikabaki pembeni. Ndiyo maana mtafiti anayekwama katika ubeti wa Muyaka, akaikosa maana ya neno katika kamusi za sasa, hulazimika kuifungua ile ya Krapf.