Braun, Mwalimu Aliyetuonyesha Umbo la Umeme

Wahenga walitushauri tutende wema twende zetu, tusingoje shukrani. Leo ningependa niwasimulie habari za Mjerumani mmoja aliyefanya hivyo hasa. Jina lake ni Karl Ferdinand Braun.

Braun alizaliwa tarehe 6 Juni 1850 katika mji wa Fulda. Alisoma Marburg na Berlin, akapata shahada ya udaktari mwaka wa 1872. Msidhani kwamba alipewa kiti cha uprofesa papo hapo. La hasha! Mwaka wa 1874 alianza kufundisha katika shule ya upili mjini Leipzig, kama walimu wetu hapa. Hata hivyo, ualimu haukumzuia kuchunguza mambo. Mwaka uo huo aligusisha ncha ya waya kwenye fuwele za madini fulani, akaona ajabu: umeme unapita vizuri upande mmoja, lakini ukigeuzwa unakataa. Mwanzoni mwa karne ya 20, fuwele za namna hiyo zilianza kutumika kunasa mawimbi ya redio.

Kazi yake kubwa aliifanya mwaka wa 1897 akiwa profesa mjini Strasbourg, ambao wakati huo ulikuwa wa Ujerumani na leo ni wa Ufaransa. Shida ya wanasayansi ilikuwa hii: mkondo wa umeme unaweza kubadilika upesi mno, na mshale wa mita ni mzito, hauwezi kuufuata. Basi Braun akatafuta mshale usio na uzito. Alichukua neli ya glasi iliyotolewa hewa, akapitisha miale ya kathodi katika tundu dogo ili iwe myembamba. Mwisho wa neli akaweka kioo kilichopakwa dawa inayong'aa ikiguswa na miale hiyo, na kando ya shingo akaweka koili. Umeme ukipita ndani ya koili, sumaku yake inauvuta mwale, na kitone cha mwanga kinapanda na kushuka. Kumbe umeme una umbo! Mwaka wa 1899 msaidizi wake, Jonathan Zenneck, aliongeza njia ya kukisukuma kitone kwenda upande, na wimbi likajichora lenyewe. Hiyo ndiyo oskiloskopu, jamani.

Sasa sikilizeni. Neli hiyo Braun hakuichukulia hataza, yaani hati ya kumiliki uvumbuzi. Aliieleza wazi katika jarida la sayansi, kila mtu ajitengenezee. Na watu wakaiendeleza kweli kweli. Kwa mfano, kampuni ya Tektronix, iliyoanzishwa mwaka wa 1946 huko Oregon, Marekani, ilitengeneza oskiloskopu zenye nafasi ya kuchomeka kisanduku cha amplifaya. Ukitaka kazi nyingine, unachomoa hiki unachomeka kile. Kisanduku kimoja, Type CA, kilikuwa na njia mbili. Kilizipokea kwa zamu, haraka hata macho yakaona mawimbi mawili pamoja. Hivyo fundi aliweza kulinganisha umeme unaoingia na unaotoka, akajua penye kasoro. Hata televisheni zile za kisogo kirefu zilikuwa na neli ya jamaa huyu.

Kwa upande wa redio, mambo yalikwenda vingine. Braun alibuni mtambo uliofanya mawimbi yafike mbali zaidi, na huo akauchukulia hataza. Mwaka wa 1909 yeye na Guglielmo Marconi walipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo ya redio. Lakini hataza huzaa kesi. Vita Vikuu vya Kwanza vilipoanza mwaka wa 1914, Braun alivuka bahari hadi New York kutoa ushahidi katika kesi ya hataza za redio. Mwaka wa 1917 Marekani nayo ikaingia vitani dhidi ya Ujerumani, na mzee wa watu akakwama huko, njia ya kurudi nyumbani imefungwa. Alifariki Brooklyn tarehe 20 Aprili 1918, akiwa na umri wa miaka 67. Vita vilimalizika Novemba mwaka huo huo.

Wengine watasema alikuwa mjinga kutoa neli yake bure. Mimi sikubali. Kile alichokifungia kwa hati ndicho kilichompeleka mahakamani, akafia ugenini. Kile alichokitoa bure kiliingia katika maabara, hospitali na sebule za watu duniani kote. Kwa hivyo, wenzangu, ukigundua njia rahisi ya kufanya hesabu au jaribio la fizikia, usiifiche chini ya dawati. Mwonyeshe na mwenzako.